Mkomeshaji, Mkombozi, Mtoro: Neno Moja la Kigeni katika Historia ya Pwani ya Kenya

Makala haya yalizaliwa katika zoezi la tafsiri. Katika semina ya wanafunzi wetu wa uzamili, ndani ya chumba ambacho madirisha yake yanaelekea barabara ya kwenda Westlands, tuliwagawia wanafunzi ukurasa mmoja wa tawasifu ya Frederick Douglass, iliyochapishwa Marekani mwaka 1845. Katika ukurasa huo Douglass anasimulia jinsi, alipokuwa mtoto mtumwa mjini Baltimore, alivyokuwa akilisikia neno "abolitionist" vinywani mwa mabwana. Mtumwa akitoroka, akimuua bwana wake au akichoma ghala, lawama zote zilitupiwa watu walioitwa kwa neno hilo. Mtoto yule akaliendea kamusi. Kamusi likamwambia kwamba ni habari ya tendo la kukomesha. Kukomesha nini, halikusema. Hakuthubutu kumuuliza mtu, kwa sababu alikwisha kuhisi kwamba neno lenyewe lilikuwa na hatari. Alikuja kulielewa baadaye, kwa kusoma gazeti.

Wanafunzi wetu walilifasiri neno hilo kwa namna mbalimbali. Wengine waliandika "mkomeshaji", wengine "mpinga utumwa", wengine "mtetezi wa watumwa". Wawili waliandika "mkombozi". Mmoja, aliyelelewa Rabai, aliacha nafasi tupu. Tulipomtaka aeleze, alijibu: "Mwalimu, kwetu waliouvunja utumwa walikuwa na jina, lakini jina hilo ni tusi. Nikiliandika hapa mtasema sikulielewa neno." Jina alilolificha lilikuwa mtoro.

Hoja ya makala haya inatokana na ile nafasi tupu. Tunadai kwamba Kiswahili hakikuwa na upungufu wa maneno ya kueleza mwisho wa utumwa. Yalikuwapo mengi, na kila moja lilimtaja mtendaji wake: bwana aachaye huru, mtu wa nje akomboaye kwa fedha, na mtumwa mwenyewe anayetoroka. Shule ya kikoloni ilipoleta dhana ya Kiingereza, jina la heshima liligawiwa watendaji wawili wa kwanza, na yule wa tatu akabaki na jina lake la fedheha. Kwa hiyo kulifasiri neno hili ni kutoa hukumu ya kihistoria, mfasiri apende asipende.

Kwanza inafaa kulitazama neno lenyewe kwa Waingereza, maana wanafunzi wengi hudhani kwamba maana yake haikubadilika. Chama kilichoundwa London mwaka 1787 kilikusudia kukomesha biashara ya watumwa. Kuhusu umilikaji wa watumwa kilinyamaza. Sheria ya 1807 ilikataza biashara hiyo, na umilikaji ukaendelea katika makoloni ya Uingereza kwa zaidi ya robo karne. Sheria ya 1833, iliyoanza kutumika tarehe 1 Agosti 1834, ndiyo iliyogusa utumwa wenyewe, nayo ilitenga fidia ya pauni milioni 20. Fidia hiyo walipewa mabwana. Marekani neno hilo lilikuwa na ukali mwingine. Wafuasi wa William Lloyd Garrison, aliyeanzisha gazeti lake mwaka 1831, walitaka utumwa uishe mara moja na bila fidia, na kwa majirani zao wengi neno hilo lilikuwa kama matusi. Basi neno moja lilibeba watu wawili tofauti: yule anayetaka bwana alipwe ili amwachilie mtumwa, na yule anayesema kwamba bwana hakuwa na haki ya chochote tangu mwanzo. Aliyefika pwani yetu, kwa jumla, alikuwa yule wa kwanza.

Sasa tuutazame msamiati uliomkuta hapa. Mtumwa, kisarufi, ni mtu aliyetumwa: kitenzi ni tuma, na kiambishi cha kutendwa kinaonekana wazi. Neno mtume limetoka katika kitenzi hichohicho, na wafasiri wa Biblia hawakuona taabu kuyaweka yote mawili katika aya ya kwanza ya Waraka kwa Warumi. Kinyume cha mtumwa kilikuwa mwungwana, yaani mtu aliyezaliwa huru na mwenye adabu za mji. Kati ya mtumwa na mwungwana zilikuwapo ngazi. Alikuwapo mjinga, aliyeletwa juzi kutoka bara na asiyejua lugha; alikuwapo mzalia, aliyezaliwa nyumbani kwa bwana; alikuwapo suria, na mtoto wake aliyezaliwa na bwana alihesabiwa huru; alikuwapo huru, wingi wake mahuru, yaani mtumwa aliyeachwa. Huru hakuwa sawa na mwungwana. Hilo ni jambo la kuzingatia, kwa kuwa sisi wa leo tumezoea kulisikia neno uhuru likipigiwa mizinga na bendera, tukasahau kwamba katika karne ya 19 lilikuwa pia jina la hali ya mtu ambaye kila mtaa ulijua kwamba alikuwa mtumwa wa fulani.

Kitenzi cha kawaida cha kumaliza utumwa kilikuwa kumwacha mtu huru. Mtendaji wa kitenzi hicho ni bwana. Sheria ya Kiislamu ilikihesabu kitendo hicho kuwa thawabu, na pia kuwa kafara ya makosa fulani, na bwana aliweza kutamka kwamba mtumwa wake atakuwa huru siku ya kufa kwake. Mtoro bin Mwinyi Bakari wa Bagamoyo, katika Desturi za Wasuaheli iliyochapishwa na Carl Velten mwaka 1903, ameliandikia jambo la watumwa kwa utulivu wa mtu anayeeleza desturi ya nyumbani: aina zao, kazi zao, adabu zao mbele ya bwana, na namna ya kuachwa kwao. Mwandishi huyu mwungwana aliitwa Mtoro. Majina ya Waswahili yana mizaha na kinga zake, na hatudai zaidi ya hapo. Ila kila tunapolisoma jina hilo juu ya jalada la kitabu kinachoeleza utumwa kwa upole kiasi hicho, tunasita kidogo.

Kitenzi cha pili ni kukomboa, na hapa hatuna budi kukaa kwa muda. Kukomboa ni kutoa mali ili kurudisha kilicho mikononi mwa mwingine. Rehani hukombolewa. Mateka hukombolewa. Mtumwa aliyejilimbikizia fedha aliweza kujikomboa. Anayekomboa hakatai dai la mwenye mali, hulitimiza. Wamisionari walikuta neno hili linafaa mno kwa mafundisho ya Kristo alipaye deni la wanadamu, na tangu hapo mkombozi akawa na uso wa kimungu. Halafu neno likarudi duniani likiwa limevaa utakatifu huo, likavishwa maofisa na makampuni.

Mfano bora upo Rabai. Mkataba wa tarehe 5 Juni 1873, uliowekwa kati ya Sultani Barghash na Waingereza, ulifunga soko la watumwa la Unguja na kukataza usafirishaji wa watumwa kwa njia ya bahari. Watu waliotekwa kutoka majahazini na meli za doria walihitaji mahali pa kuwekwa. Chama cha kimisionari cha CMS kikaanzisha makazi mkabala wa kisiwa cha Mombasa mwaka 1875, yakaitwa Freretown kwa heshima ya Bartle Frere, mjumbe wa Uingereza aliyeongoza safari ya 1873. (Frere huyohuyo, miaka sita baadaye, alikuwa Afrika ya Kusini akisukuma vita dhidi ya Wazulu. Sanamu za wakomeshaji huwa na mgongo pia.) Mnara wa kengele uliojengwa Freretown bado unatambulisha mahali pale, na makondakta wa matatu wanapaita Kengeleni.

Lakini waliofika kwenye misheni hawakuwa wote mateka wa majahazi. Wengi, hasa Rabai, walifika kwa miguu yao wenyewe, usiku, kutoka mashamba ya pwani. Hao ndio watoro. Kanuni za misheni zilikataza kuwapokea, kwa kuwa utumwa wa nchi kavu ulikuwa bado halali na wamisionari hawakutaka ugomvi na wenye mashamba. Waliowapokea hasa walikuwa Waafrika waliorudi kutoka India, waliokombolewa wakiwa watoto na kusomeshwa karibu na Nasik: watu kama William Jones, aliyewekwa wakfu mwaka 1885 na kuihudumia Rabai. Utafiti wa Fred Morton, uliotoka mwaka 1990, unaonyesha jinsi Waafrika hao walivyokuwa wepesi wa kufungua milango kuliko wakubwa wao wa Kizungu. Nje kabisa ya misheni, katika nchi ya Wagiriama, yalikuwapo makazi kama Fuladoyo, ambako watoro walijitawala na kujilinda kwa silaha.

Mwaka 1888 mabwana wa Mombasa walichoka. Walidai watu wao, na walikuwa tayari kuwafuata kwa nguvu. Wakati huohuo Kampuni ya Kiingereza ya Afrika Mashariki ilikuwa inaingia kuanza utawala wake, ikiongozwa na George Mackenzie. Mackenzie alihesabu watoro waliokuwa katika vituo vya misheni, akawapata zaidi ya 1,400. Akawalipa mabwana fidia, na tarehe 1 Januari 1889, pale Rabai, vyeti vya uhuru vikagawiwa hadharani.

Tuusome mkasa huu kwa vitenzi vyake. Watu hawa walikuwa wamekwisha kuondoka. Wengine walikuwa wamelima na kuzaa watoto Rabai kwa miaka kadhaa. Hapakuwa na bwana aliyewashika siku ile. Kilichokuwapo ni dai la bwana. Kampuni ilinunua dai, ikaandika cheti, na kwa cheti hicho ikajiandikisha katika historia kuwa ndiyo iliyowapa uhuru. Mtoro aliyeamka huru tarehe 31 Desemba, kwa gharama ya maisha yake mwenyewe, alilala tarehe 1 Januari akiwa amekombolewa. Hatusemi kwamba vyeti havikuwa na faida. Mtu anayeogopa kukamatwa barabarani ajua thamani ya karatasi. Tunachosema ni kwamba karatasi ilibadilisha kiima cha sentensi.

Katika hilo, Kiswahili kilikuwa kikweli kuliko Kiingereza. Neno la Waingereza lilificha malipo. Neno kukomboa linayataja. Ukisema kwamba Kampuni iliwakomboa watoro wa Rabai umesema jambo lililotokea, pamoja na bei yake. Ukisema iliukomesha utumwa, umesema jambo ambalo halikutokea. Wanafunzi wetu wawili walioandika "mkombozi", tuliokaribia kuwapunguzia alama, walikuwa na haki kuliko tulivyodhani.

Kitenzi cha tatu kililetwa na serikali, nacho ni kufuta. Tarehe 6 Aprili 1897 Sultani Hamoud bin Mohammed alitoa amri Unguja na Pemba. Amri hiyo ilifuta hali ya kisheria ya utumwa: mahakama hazingesikiliza tena dai la bwana juu ya mtu. Mtumwa alipaswa kwenda mwenyewe kuomba, na bwana alipaswa kufidiwa. Masuria waliachwa nje ya amri hiyo hadi mwaka 1909. Arthur Hardinge, mwakilishi mkuu wa Uingereza, alikuwa ameupinga ukomeshaji wa haraka kwa kuhofia mashamba ya karafuu, ilhali chama cha kupinga utumwa cha London, kilichoanzishwa mwaka 1839, kikiishinikiza serikali hiyohiyo. Waquaker walimpeleka Theodore Burtt Pemba mwaka 1897 kuanzisha misheni ya kilimo, naye hakuridhika na namna amri ilivyotekelezwa. Burtt na wenzake ndio waliokaribia zaidi maana ya neno hili kama alivyolijua Douglass. Tunamtaja kwa sababu hoja yetu isije ikafahamika kuwa wageni wote walikuwa maofisa wa fidia.

Katika pwani ya Kenya sheria kama hiyo ilikuja mwaka 1907. Madai ya fidia yaliendelea kusikilizwa kwa miaka kadhaa. Mwaka uliofuata ilitungwa sheria ya hatimiliki za ardhi ya pwani, na kwa njia hiyo waliokuwa mabwana wakathibitishiwa mashamba. Frederick Cooper, katika kitabu chake cha 1980, ameeleza kwa kirefu jinsi waliokuwa watumwa walivyogeuka maskwota kwenye ardhi ileile. Hali ya kisheria ilifutwa. Hali nyingine haikuguswa.

Lugha nayo ilibaki na alama za hali hiyo. Kibarua, kwa asili, ni barua ndogo. Unguja ya karne ya 19 jina hilo lilimhusu mtu aliyekodishwa kwa kazi ya kutwa, ambaye aghalabu alikuwa mtumwa aliyegawana ujira wake na bwana wake. Utumwa ulipofutwa, neno halikufutwa. Kila asubuhi, kwenye malango ya majengo yanayoota kwa kasi hapa Westlands, wako vijana wanaosubiri kuitwa kwa jina hilo, wala hakuna anayeshtuka. Hatudai kwamba wao ni watumwa. Wao hurudi jioni na ujira wao. Tunadai tu kwamba mwanafasihi asiyeisikia barua ndogo ndani ya neno hilo amepoteza nusu ya historia ya kazi katika nchi hii.

Kufuta na kukomesha si kitu kimoja, na Kenya inatupa mfano wa pili ulio kinyume cha ule wa 1907. Siku hizi neno lile la Kiingereza hutumika sana kuhusu adhabu ya kifo. Kenya haijamnyonga mtu tangu mwaka 1987, waliponyongwa waliohukumiwa kwa jaribio la mapinduzi la 1982. Kwa sababu hiyo imehesabiwa miongoni mwa nchi zilizoikomesha adhabu hiyo kwa vitendo. Hata hivyo mahakama ziliendelea kuitamka. Mwaka 2009 Rais Kibaki aliwabadilishia hukumu wafungwa zaidi ya 4,000 waliokuwa wakisubiri kifo, mwaka 2016 Rais Uhuru Kenyatta akafanya vivyo kwa 2,747, na mwaka 2017 Mahakama ya Juu, katika kesi ya Muruatetu, iliamua kwamba ulazima wa adhabu hiyo kwa kosa la mauaji unapingana na katiba. Mwaka 1907 sheria ilifuta na maisha yakaendelea; baada ya 1987 maisha yaliacha na sheria ikaendelea. Kiswahili kinaweza kuzitenganisha hali hizi mbili kwa vitenzi viwili vya kawaida kabisa. Kiingereza hulazimika kuongeza maneno.

Turudi kwenye fasihi. Matini inayotawala mjadala huu ni Uhuru wa Watumwa ya James Juma Mbotela, iliyochapishwa London mwaka 1934. Ulikuwa mwaka wa mia tangu ile sheria ya Waingereza ianze kutumika, ingawa hatuna haja ya kulitilia uzito hilo. Mbotela alitokana na watu wa Freretown, na aliandika kwa niaba ya jamaa ambao wengine waliwaita Wamisheni, kana kwamba misheni ilikuwa kabila. Kitabu kilisomwa shuleni kwa miongo mingi. Wahakiki wamebishana sana kama ni riwaya au ni historia. Ubishi huo umetumaliza wino mwingi. Wakati wote tukisahau kusoma jalada lake.

"Uhuru wa Watumwa" ni kirai kisicho na kitenzi, na kwa hiyo hakina mtendaji. Kiunganishi "wa" kinaruhusu maana mbili: uhuru ambao watumwa walipewa, na uhuru ulio mali yao. Jina linasimama katikati bila kuamua. Tafsiri ya Kiingereza ya mwaka 1956 iliamua kwa niaba yake: jina likageuzwa likawa la tendo la kuwaacha huru watumwa, na papo hapo tunatakiwa tumtafute aliyewaacha. Ndani ya kitabu, ni kweli, masimulizi yanaelekea huko. Washambuliaji ni Waarabu, waokozi ni Waingereza na manowari zao. (Neno manowari lenyewe lilitoka kwao.) Watumwa hukamatwa, huuzwa, huokolewa, huwekwa. Ni mfululizo wa vitenzi vya kutendwa, wenye kiima kilekile kisichotenda. Baada ya Uhuru kitabu kililaumiwa kwa kuwasifu wakoloni, na lawama hiyo ni ya haki. Ila sisi tunaona kwamba wakosoaji waliishia kwenye sifa wakaiacha sarufi. Waliwaondoa Waingereza kwenye kiti cha mtendaji, kiti kikabaki kitupu, kama ile nafasi ya mwanafunzi wetu.

Ukoo wa Mbotela una mkasa mwingine unaomvutia mwanafunzi wa maneno. Leonard Mambo Mbotela, mtangazaji wa ukoo huohuo aliyefariki Februari 2025, aliendesha kwa miongo mingi, tangu miaka ya 1960, kipindi cha redio kilichoitwa Je, Huu ni Uungwana? Taifa zima lilijifunza kwake kutotupa taka ovyo na kutoingia nyumba ya watu bila hodi. Ukoo ambao asili yake ni Freretown, ukiwauliza Wakenya wote, kwa sauti ya utani, kama wao ni waungwana! Katika Mombasa ya 1880 swali hilo lingeulizwa upande mmoja tu, nalo lisingekuwa la adabu bali la nasaba. Sijui kisa kimoja katika fasihi yetu kinachoonyesha kwa uwazi zaidi kwamba neno la tabaka linaweza kunyang'anywa wenyewe.

Kuna pingamizi ambalo lazima likabiliwe. Litasemwa kwamba mtoro hakuupinga utumwa, aliukimbia tu. Mkomeshaji ni mwenye wazo: anataka taasisi nzima ianguke, hata asipokuwa yeye ndani yake. Jonathon Glassman, katika utafiti wake wa 1995 kuhusu miji ya Mrima, amedai kwa nguvu kwamba watumwa wengi walipigania kuingia katika jamii ya mji, wavae kama waungwana, washiriki karamu na ngoma zao, wahesabiwe wateja badala ya mali. Na si kila makazi ya watoro yaliyakataa mambo waliyoyakimbia: Witu, kwa Sultani Ahmad aliyeitwa Simba, watoro walipata kimbilio na silaha, na utumwa haukukosekana humo.

Pingamizi hili ni zito, nasi hatulitupi. Lakini lipimwe kwa kipimo kimoja kwa wote. Kama sharti ni wazo, Hardinge anatoka, Mackenzie anatoka, na Hamoud aliyetia sahihi amri ya 1897 chini ya ulinzi wa Waingereza anatoka pia. Wanabaki Burtt na wachache. Kama sharti ni tendo lililoufanya utumwa usiwezekane, mtoro anaingia kabla ya wote. Mashamba ya pwani ya Kenya yaliyumba miaka ya 1880 kwa sababu watu waliondoka, na Kampuni ililipa mwaka 1889 kwa sababu walikwisha kuondoka. Vitabu vyetu vya shule vimetumia kipimo cha tendo kwa wageni na kipimo cha wazo kwa watumwa. Wala isidhaniwe kwamba wazo lilikosekana kabisa. William Jones, aliyekuwa mtoto mtumwa kabla ya kuwa mchungaji, alipovunja kanuni za misheni yake na kumfungulia mlango mtu asiyemjua, alikuwa na wazo.

Wala Kiswahili hakikushindwa kumpa heshima ya jina mtu anayejitoa mwenyewe. Katika miaka ya 1950 na 1960 lugha hii ilimwita mtu wa msituni mpigania uhuru, na hakuna aliyedai kwanza athibitishe nadharia yake. Jina hilo lingeweza kurudi nyuma miaka sabini likafika Fuladoyo. Halikurudi. Mtoro wa leo, katika Kiswahili cha shule, ni mtoto asiyehudhuria darasa, na wazazi wake huitwa ofisini kwa mwalimu mkuu.

Barabara iliyo nje ya dirisha letu hubadilika jina. Kutoka katikati ya mji inaitwa Uhuru. Ikiingia Westlands inakuwa Waiyaki. Waiyaki wa Hinga alikamatwa mwaka 1892 na ile Kampuni iliyogawa vyeti Rabai miaka mitatu na ushei kabla, akasafirishwa kuelekea pwani, akafia Kibwezi njiani. Tuliwaeleza wanafunzi habari hii mwishoni mwa semina, tukawarudishia kazi zao ili wazisahihishe. Yule wa Rabai alirudisha ukurasa wake wiki iliyofuata. Pale Douglass anaposema kwamba mabwana walilitamka neno lile kwa chuki, alikuwa ameandika "mtoro", na pale mtoto anapokuja kulielewa gazetini, "mpinga utumwa". Pembeni, kwa kalamu ya risasi, alikuwa ameuliza kama inaruhusiwa neno moja la matini asilia kupata maneno mawili katika tafsiri. Tulimpa alama zote, kisha tukabishana naye mpaka saa ya chakula.